Kuzunguka vilele vya Mlima Kenya na kulala Austrian Hut: siku nne hazitoshi

Swali: Sisi ni marafiki wanne kutoka Ruiru, wa umri wa kati ya miaka 27 na 41. Tumepanda Longonot mara nyingi, Ol Donyo Sabuk, na mwaka jana Elephant Hill. Februari tunataka kuvizunguka vilele vya Mlima Kenya. Tutaingia lango la Naro Moru Alhamisi na kulala Met Station, Ijumaa tulale Mackinder's, Jumamosi Austrian Hut. Jumapili tutapanda kilele cha Lenana, tushukie Shipton's, tuzunguke kwa Hausburg Col (pito kati ya matuta) kurudi Mackinder's, halafu tushuke hadi kwenye gari. Hamu yetu kubwa ni kulala Austrian Hut. Je, mpango huu unafaa? Na kuna haja gani ya mwongozaji ikiwa ramani tunayo kwenye simu?

Jibu: Dada, njia mmechagua nzuri sana, ila siku mmeipa chache mno. Nianze na hiyo Jumapili, maana ndiyo inayouvunja mpango wote.

Kutoka Austrian Hut, mita 4,790, mtapanda hadi Lenana, mita 4,985. Mtateremka kwenye kokoto hadi Shipton's, mita 4,200. Hapo miguu ikiwa imeshachoka mtaanza kupanda tena kwenda Hausburg Col, mita 4,591, mshuke kwenye vijiziwa vya Hausburg na Oblong, mkwee ukuta wa pili karibu na Arthur's Seat, mteremke hadi bonde la Teleki na kufika Mackinder's. Bado gari liko mbali. Mtashuka bonde lote, muingie kwenye lile tope linaloitwa Vertical Bog, kisha ndipo Met Station. Ramani inawahadaa watu hapa, kwa sababu duara lenyewe la kuvizunguka vilele ni kama kilomita 10 tu. Mtu wa kukimbia msitu wa Karura asubuhi huona kilomita 10 ni saa moja na ushee. Huko juu, duara hilo peke yake ni siku nzima ngumu kwa mtu aliyekwisha kuzoea hewa, na nyinyi mnataka kulibandika kati ya kilele na safari ya kwenda nyumbani.

Hata hivyo, kinachonitia wasiwasi zaidi ni usiku wenu. Mimi ninapopangia watu safari ya mlima mrefu naanza na mahali pa kulala, kilomita naziangalia baadaye. Mwili hauzoei hewa nyepesi kwa kupita tu. Huizoea kwa kulala ndani yake. Longonot, Ol Donyo Sabuk na Elephant Hill, ambayo inafika kama mita 3,600, zote mlizipanda mchana na jioni mkarudi kulala nyumbani. Zimewapa mapafu na magoti mazuri. Hazijawaambia lolote kuhusu namna miili yenu inavyolala kwenye mita 4,000, na hilo halikadiriki kwa ujana wala mazoezi. Nimeona kijana wa mbio akitapika Shipton's huku mama yake, aliyekuwa nyuma njia nzima, anakunywa chai.

Mpango wenu una usiku tatu: 3,050, halafu 4,200, halafu 4,790. Madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 hivi kati ya mahali unapolala leo na utakapolala kesho, na kila baada ya siku tatu au nne uongeze usiku mmoja palepale. Nyinyi mnaruka mita 1,150 kwa mkupuo mmoja, na kabla mwili haujauliza kulikoni mnaupandisha mahali palipo juu kuliko hata Kibo Hut ya Kilimanjaro. Kwa urefu ule shinikizo la hewa halifikii asilimia 60 ya lile la Mombasa. Mlima Kenya una sifa mbaya ya watu kujaa maji mapafuni, na sababu kubwa ni urahisi wake: barabara inakufikisha juu upesi, wikendi inakuita, na Jumatatu kazi inakungoja.

Ningekuwa mimi, ningeingilia Sirimon na kutokea Sirimon. Gari mnaliacha langoni, mita 2,650, na duara linawarudisha pale pale. Siku ya kwanza mnatembea barabara ya msituni hadi Old Moses, mita 3,300, mwendo mwepesi ambao hautawaumiza. Siku ya pili hamuhami. Mnapanda taratibu hadi kama mita 3,800 bila mizigo, mnakula huko, mnarudi kulala Old Moses. Wengi huiona siku hii ni hasara, na ndiyo ya kwanza kukatwa pesa zikipungua. Nawaomba msiikate.

Siku ya tatu ni ndefu: mnapita juu ya mto Liki North, mnaingia Mackinder Valley na kuifuata hadi Shipton's. Hapa kuna mruko wa mita 900 kwa usiku mmoja, na hiki ndicho kipande dhaifu cha mpango wangu. Ule usiku wa pili wa Old Moses unaupunguza makali, na usiku utakaofuata hamtaongeza hata mita moja. Mkiwa na mahema mnaweza kulala Liki North, kama mita 3,990, lakini hilo linawaongezea siku na mzigo.

Siku ya nne ndiyo ya duara la magharibi: Shipton's, kijiziwa cha Kami Tarn, Hausburg Col, vijiziwa vya Hausburg na Oblong, ukuta wa Arthur's Seat, Nanyuki Tarn, Two Tarn, halafu Mackinder's. Tengeni saa sita hadi nane na muwe njiani saa kumi na mbili asubuhi. Hii ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote mlimani. Unauona mwamba wa Batian, kilele kirefu kuliko vyote hapa, kutoka upande ambao wapanda Lenana hawauoni kamwe, na hapana msongamano wa watu. Mmepanda mara mbili karibu na mita 4,600, kisha mnalala tena kwenye 4,200. Mwili unapenda jambo hilo: panda juu, lala chini.

Siku ya tano mnaenda hadi kichwani mwa bonde la Teleki, kisha mnakwea kokoto za kando ya barafu ya Lewis hadi Austrian Hut. Ni kama mita 590 za kupanda, saa tatu hadi tano, na unapiga hatua mbili mbele kokoto zikikurudisha moja. Fikeni kabla ya saa nane mchana. Siku ya sita, saa kumi na moja alfajiri, mnaondoka na tochi za kichwani kwenda Lenana. Saa moja na robo hivi inatosha, na karibu na kilele kuna nyaya na ngazi za chuma zilizofungwa kwenye mwamba. Jua linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu. Kisha mnashuka kaskazini kupitia Harris Tarn hadi Shipton's, mnakunywa chai, mnaendelea na bonde hadi Old Moses.

Hapo Old Moses tazameni saa. Ikiwa imepita saa kumi jioni, laleni pale. Chini yake ni msitu wenye nyati na ndovu, na kutembea humo gizani kwa magoti yaliyochoka ni kutafuta balaa. Mkiwahi, shukeni langoni, mkalale Nanyuki. Kuendesha gari hadi Ruiru usiku ule, baada ya kuamka saa kumi alfajiri kwenye mita 4,790, ni hatari kuliko kokoto zote mlizopita.

Sasa kuhusu Februari. Ni mwezi mzuri: Januari hadi mwanzoni mwa Machi ndiyo kiangazi cha mlimani, asubuhi huwa angavu na mawingu hupanda kuelekea adhuhuri. Lakini kuna jambo ambalo hata watu waliopanda mara kadhaa hawalifikirii. Mlima huu umekaa karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua huhama upande. Katikati ya mwaka linapiga kaskazini; Desemba hadi Machi linapiga kusini, na uso wa kaskazini unabaki kivulini na barafu yake. Katika mpango huu mnapanda Lenana kwa upande wa kusini uliokauka, halafu mnashukia ule wa kaskazini, alfajiri, barafu ikiwa bado ngumu. Kushuka kwenye barafu ni kugumu kuliko kuipanda.

Mna njia tatu. Mnaweza kubeba vyuma vyenye meno vya kufunga juu ya viatu. Havina uzito mkubwa na vinakodishwa. Mnaweza kuligeuza duara lote: kutoka Shipton's mpande Lenana usiku, mlale Austrian Hut, mshukie Mackinder's, mrudi Shipton's kwa Hausburg Col. Hapo barafu mnaipanda badala ya kuishuka, ila mnafika Austrian Hut mkiwa mmelala usiku mmoja tu kwenye 4,200, nami siupendi mpango huo mpaka muongeze usiku wa pili Shipton's. Njia ya tatu ni kurudi kutoka Lenana hadi Austrian Hut na kuzunguka upande wa mashariki: Tooth Col, Square Tarn, Simba Col, kisha Shipton's. Ni ndefu zaidi, lakini hamna ule mteremko mkali. Kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga barafu ningechukua vyuma, na hiyo ya tatu iwe akiba. Uamuzi muufanye Austrian Hut jioni baada ya kuwauliza waliopita kaskazini siku hiyo.

Hiyo nyumba mnayoitamani ni vizuri mkajua ilikotoka. Septemba 1970 Waaustria wawili, madaktari, walikuwa wakishuka kutoka Batian. Jiwe lilichomoka, mmoja wao, Gerd Judmaier, akaanguka na kuvunjika mguu vibaya. Alilala juu kule siku nyingi huku wapandaji wa Mountain Club of Kenya wakijaribu kumfikia na kumshusha, na kikosi kingine kikaletwa kwa ndege kutoka Innsbruck. Helikopta iliyokwenda kusaidia ilianguka na rubani wake akafa. Judmaier aliokolewa, na fedha za shukrani kutoka Austria ndizo zilizoijenga nyumba hii. Nakwambia haya pia kwa sababu watu hudhani kwamba wakikwama watapiga simu na helikopta itakuja. Hewa nyepesi huinyima helikopta nguvu ya kunyanyuka, na mawingu ya mchana hufunga kila kitu. Mtandao wa simu hushika kwenye baadhi ya matuta na kupotea mabondeni. Hesabuni kwamba mgonjwa atashuka kwa miguu yake au kwa mabega ya watu.

Na msitegemee hoteli. Ni nyumba ya mbao yenye vitanda vya kupangana, baridi inapenya, na usiku hushuka chini ya sifuri. Zamani barafu ya Lewis ilikuwa jirani wa karibu hapo. Vipimo vinaonyesha kwamba kati ya 1934 na 2010 ilipoteza kama asilimia 90 ya ujazo wake, na imeendelea kupungua tangu hapo. Kwa mpandaji maana yake ni kwamba maelezo ya zamani yanayosema "pita juu ya theluji" leo yanawapeleka kwenye mawe yasiyoshikana. Pia maji hayana uhakika: yaliyopo huganda usiku, kwa hiyo kila mmoja apande kutoka Mackinder's na lita tatu, na chupa za usiku mlale nazo ndani ya mfuko wa kulalia.

Chakula nacho kina hila yake. Kwenye mita 4,790 maji huchemka kwenye kama nyuzi 84 badala ya 100, kwa hiyo maharagwe yatatokota mpaka gesi iishe na bado yatakuwa magumu. Githeri ichemsheni nyumbani, muipashe tu. Bebeni uji, viazi vya kuponda vya unga, supu, tambi nyembamba. Hamu ya kula itapotea, hivyo chukueni vile mnavyovipenda kwa kweli, hata kama ni mandazi na njugu karanga. Huko Shipton's na Mackinder's fungeni mifuko vizuri. Pimbi wa pale hawana aibu.

Kuhusu nguo sitasema mengi. Koti zito la manyoya ya bata linapatikana kwenye mitumba ya Gikomba au Toi kwa bei ambayo duka la mjini halikaribii, na joto lake ni lile lile. Mnachopaswa kununua kipya na kizuri ni viatu, na mvivae wiki kadhaa kabla. Miwani ya jua na mafuta ya kuzuia miale si mapambo; ngozi nyeusi pia huungua huko juu, na macho zaidi.

Mwongozaji? Ndiyo, mchukueni. Kwanza, hifadhi hairuhusu mtu kuingia peke yake, na mkiwa wanne bado mtaulizwa maswali ya haki langoni. Pili, upande wa Hausburg. Njia ya Sirimon hadi Shipton's hata mgeni ataifuata. Baina ya Kami Tarn na Two Tarn hali ni nyingine: alama ni marundo ya mawe, kokoto zimehama, matuta yanafanana, na ukungu ukishuka saa sita mchana huoni mwenzako aliye hatua 20 mbele. Simu itakuonyesha nukta ya buluu. Haitakuonyesha ni upi kati ya mifereji miwili una genge chini yake. Betri nayo hufa haraka kwa baridi. Mwongozaji mnayemtaka ni yule aliyezunguka duara hili, si aliyefika Lenana tu. Mwombeni awaelezee kwa mdomo, bila kutazama simu, mnavyotoka Hausburg Tarn hadi Nanyuki Tarn. Aliyepita atawaeleza mawe. Mchukueni mpagazi mmoja au wawili pia. Siku ya nne na mfuko wa kilo 15 mgongoni hamtaifurahia.

Kuhusu ugonjwa wa mlimani, kubalianeni sasa mkiwa chini, kwa sababu huko juu kichwa kikiuma kila mtu hudai yuko sawa. Kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na kukosa usingizi ni dalili za kwanza. Mwenye dalili hizo hapandi zaidi mpaka ziishe. Anaweza kubaki alipo, anywe maji, ameze paracetamol. Ukilala utaona pumzi inasimama kidogo halafu inarudi kwa nguvu. Hilo peke yake ni la kawaida. Yasiyo ya kawaida ni haya: kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, kikohozi chenye povu, kuchanganyikiwa, au kushindwa kutembea kwenye mstari kisigino kikigusa kidole. Hapo hakuna kungoja asubuhi. Anashushwa saa ile ile, hata saa nane za usiku, na mtu mwenye akili timamu anaenda naye. Kutoka Austrian Hut teremko la karibu ni Mackinder's, si Lenana na Shipton's. Dawa ya acetazolamide, kawaida miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda, husaidia mwili kuzoea. Muulize daktari wako, hasa anayedhurika na dawa za salfa. Pombe na vidonge vya usingizi viacheni Nanyuki.

Najua utaniambia kazini hawatoi siku sita. Kama ni tano, kateni usiku wa Austrian Hut. Fikeni Mackinder's kama nilivyosema, kisha usiku huo ondokeni saa nane mkapande Lenana kupitia hapo, mpumzike kidogo ndani ya Austrian Hut, mshukie Shipton's na Old Moses. Duara linabaki zima, mnakosa kitanda tu, ingawa siku hiyo ya mwisho itawachosha sana. Nasema hivi nikijua kitanda ndicho mlichokitaka. Kama ni nne kweli, liacheni duara na kilele vyote viwili, mwende upande wa Chogoria: mlale kwenye banda za langoni, karibu mita 3,000, mwende Lake Ellis, mkatazame Gorges Valley na Lake Michaelson kutoka juu ya mwamba wa Temple. Wengi waliofika Lenana wakiwa wagonjwa hawakuona hata nusu ya uzuri huo.

Kwa vyovyote, wikendi moja au mbili kabla pandeni Satima kule Aberdare, mita 4,001, na kama mnaweza laleni usiku mmoja juu ya mita 3,000. Mtajua nani kati yenu hulalamika na nani hunyamaza akiumwa. Huyo wa pili ndiye wa kumchunga.

Ada za hifadhi hulipwa kwa eCitizen, tovuti ya serikali; pesa taslimu hazipokelewi langoni. Lipeni mkiwa Ruiru, maana mtandao wa Sirimon una siku zake. Vitanda vya Old Moses, Shipton's na Mackinder's haviko ndani ya ada hizo. Vina wenyewe, na Februari hujaa, basi muwapigie mapema. Mkiandika majina yenu langoni, andikeni njia mnayoishika na siku ya kutoka, na mkitoka hakikisheni mmetia saini ili askari wasije wakaanza kuwatafuta mlimani nanyi mko Nanyuki mnakula nyama choma.